Jina la Mungu na masikio ya mtoto

Mwanangu, nyinyi wazazi wa siku hizi mnaniuliza jambo moja kwa njia nyingi: mtoto aanze kuelezwa habari za Mungu akifika umri gani? Mnauliza mkidhani somo bado. Somo limeanza zamani. Siku aliyozaliwa, mtu mzima alimwinamia akamwadhinia sikioni, na tangu hapo haijapita siku bila yeye kulisikia jina la Mungu nyumbani kwako. Unalitaja unapoanza kula, unapopiga chafya, unapogombana na mwenzako, unapomwapia mwenye duka kuwa deni utalipa mwisho wa mwezi. Kabla hajashika juzuu, mtoto ameshajua Mungu hutajwa wakati gani na kwa sauti gani.

Nilisomesha chuo cha Kurani hapa Unguja miaka mingi, na nilikuwa nikiletewa wa miaka minne, mitano. Wiki haiishi, nimeshajua nani katoka nyumba ambayo Mungu hutajwa kwa shukurani na nani katoka nyumba ambayo hutajwa kwa ukali. Huyu wa pili akikosea herufi alikuwa akijikinga uso kwa mkono kabla sijasema neno. Hofu ile hakuipata kwangu. Alikuja nayo.

Basi nasaha yangu ni moja, na mengine yote yanatokana nayo: kabla hujafikiria utamwambia mtoto nini juu ya Mungu, angalia unavyolitumia jina Lake mbele yake.

Tuanze na inshallah, maana hapo tunakosea wengi. Mtoto anakuuliza, “Baba, jioni tutakwenda Forodhani?” Umechoka, mfukoni huna kitu, na nia ya kwenda huna. Unajibu, “Inshallah.” Mtoto anakwenda kuvaa viatu, anakaa navyo kizingitini. Magharibi inaadhiniwa, watu wanatoka msikitini, huko Forodhani wenye mishkaki wameshapuliza makaa yao, na baba yupo juu ya mkeka anaangalia simu. Ikitokea hivyo mara tatu nne, mtoto amepata somo lake: inshallah husemwa na mtu mzima asiyetaka kusema hapana. Msichana mmoja wa chuoni kwangu, hata miaka saba hajatimiza, aliniuliza lini tutasoma maulidi tupate vileja. Nikamjibu, “Inshallah, wiki ijayo.” Akaniambia, “Mwalimu, usiseme inshallah, sema kweli.” Wenzake wote wakanyamaza wakiningojea nikasirike. Sikukasirika, kwa sababu hakukosa adabu. Alikuwa anasema alichojifunza kwao.

Surat al-Kahf inafundisha kuwa mja asiahidi la kesho bila kukumbuka kwamba kesho haimo mkononi mwake. Hilo ni funzo kwa mtu mwenye nia. Asiye na nia hana haja ya kumwingiza Mungu. Aseme, “Leo hatuendi, sina pesa.” Mtoto atalia kidogo, atanyamaza, na baba yake atabaki mkweli. Na siku utakayosema inshallah, inuka uvae viatu. Kama mvua itakuja kuwazuia mkiwa njiani, hapo mtoto ataelewa inshallah ni kitu gani vizuri zaidi kuliko ningeweza kumweleza mimi mwezi mzima.

Wallahi ni vivyo hivyo. Mtoto anayemsikia mama akiapa kwa mwenye nguo kuwa bei hiyo hawezi, kisha akamwona anatoa noti ile ile aliyoapa hana, hahitaji somo la pili.

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi: “Mungu anakuona.” Ni neno la kweli na ni neno zuri. Lakini hebu jisikilize unalisema lini. Mtoto akimpa mwenzake nusu ya andazi lake, husemi. Akimletea bibi yake maji bila kuagizwa, husemi. Unalisema akitia kidole kwenye kopo la sukari. Hilo lisipomzuia, unaongeza moto: Mungu atakuchoma, Mungu atakukata mkono, Mungu hapendi watoto wanaolia. Jirani yangu Mkristo, mwalimu wa skuli ya watoto wadogo, ananiambia na kwao lipo, ila limebadili nguo tu: ukifanya hivyo Yesu analia. Sote tumechoka, watoto ni wengi, sauti imekauka, tunamkabidhi Mungu kazi ya askari wa nyumbani. Na mtoto anamwona Mungu kama watu wanavyomwona askari: anapita kando, na akiitwa naye anajua kuna kosa.

Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Kweli. Ila nimewaona waliokunjwa kwa moto wa Jahannamu tangu wana miaka mitatu, na walipokua wakubwa, wengi wao walichokimbia kwanza ni msikiti.

Nitakusimulia la mjukuu wangu. Alikuwa na miaka minane, skuli ikawapeleka kutembelea Mkunazini. Pale, kama unavyojua, palikuwa soko la watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kulifunga, na kwenye uwanja ule ule Waanglikana wakajenga kanisa lao kubwa, lile ambalo Askofu Edward Steere amezikwa ndani yake. Nje, ubavuni mwa kanisa, kuna shimo, na ndani ya shimo zimesimamishwa sanamu za watu wenye minyororo shingoni. Wageni hupiga picha, wakaenda zao. Watoto hawaendi zao. Mjukuu wangu alirudi nyumbani mchana, akakaa mbele ya sahani ya wali hali. Nikamuuliza anaumwa? Akasema, “Bibi, Mungu aliwaona?”

“Aliwaona nani?”

“Wale wa kwenye shimo.”

Ndiyo hiyo, mwanangu. Huyu ni mtoto aliyeambiwa tangu ana meno mawili kuwa Mungu anamwona anayelamba sukari. Amelipeleka neno lako pale linapotakiwa kwenda. Kama anamwona mwenye sukari, vipi asiwaone wale? Na kama aliwaona, waliowafunga mbona hakuwakata mikono?

Nilimwambia aliwaona. Nilimwambia sijui kwa nini hakuuzuia mkono wa aliyefunga mnyororo, na kwamba hata watu wenye elimu kubwa kuliko ya bibi yake wameliuliza hilo wakalia. Kisha nikamwambia ninalolijua: waliofanya vile walikuwa watu, na wengi wao walikuwa wakisali kama sisi. Nikamfungulia juzuu ya Amma, Surat al-Balad, ambayo ameihifadhi kwa moyo, nikamwonyesha aya inayotaja kumwacha huru mtumwa katika mambo mema na magumu ambayo mtu anatakiwa ayapande kama mlima. Nikamwambia wafanyabiashara wale nao waliihifadhi sura hii utotoni. Alinitazama sana. Akauliza, “Sasa wako wapi?” Nikasema waliofungwa na waliofunga wote wamerudi kwa Mungu, na huko hakuna anayeonewa. Akauliza tena kama wali umepoa. Nikaupasha.

Kuna wazazi walionilaumu kuwa nilimwambia mtoto “sijui”. Wanadhani mzazi akisema hajui, imani ya mtoto itabomoka. Mimi naona kinyume chake. Masheikh wetu wakubwa, wenye vitabu vya kujaza chumba, hufunga jibu lao kwa Allahu aalam, Mungu ndiye ajuaye zaidi. Yeye aliyesoma maisha yake yote anasema hivyo, wewe uliyehitimu juzuu tatu ukaacha unaona haya ya nini? Kinachombomoa mtoto ni jibu la kubuni. Atalishika kwa miaka kumi, kisha siku moja atagundua ulilitunga papo hapo ili umalize kupika, na siku hiyo atashuku na yale uliyomwambia kweli.

Maswali ya wadogo zaidi ni mepesi, ila yanataka usikivu. Mungu anakula nini? Ana nyumba? Analala? Nani alimuumba? Usikimbilie kutoa hotuba. Kwanza muulize yeye anaonaje, upate kujua anauliza nini hasa. Mtoto mmoja wa ndugu yangu alikuwa akiuliza kila usiku kama Mungu analala. Mama yake akamweleza mengi juu ya sifa za Muumba, mtoto anarudia swali. Kumbe umeme ulikuwa ukikatika usiku, naye aliambiwa asiogope, Mungu anamlinda. Alichotaka kujua ni nani yuko macho. Mama yake alipomwambia kuwa Ayatul Kursi anayoisoma akipanda kitandani inasema jambo hilo hasa, kwamba Mungu hasinzii wala halali, mtoto aligeukia ukutani akalala.

Na hilo la nani alimuumba Mungu, jibu lake mtoto analo mdomoni. Kila mtoto wa chuo anaisoma Kulhuwallahu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Aya nne tu. Tumemfundisha kuitamka, tukaona tumemaliza. Mkalishe siku moja umweleze kwa Kiswahili kila aya inasema nini, na utaona anavyoshangaa kuwa swali lake lilikuwa na jibu muda wote huo. Usiniambie hujui Kiarabu. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mtu wa hapa hapa Unguja, aliifanya kazi ya kuitafsiri Kurani yote na kuifafanua, ikachapwa Nairobi mwaka 1969, ili watu kama mimi na wewe tusome bila kisingizio. Naye kabla ya kuwa kadhi alikuwa mwalimu wa skuli. Nadhani ndiyo maana maelezo yake yanaeleweka.

Kifo kitafika nyumbani kabla hujajitayarisha, kwa hiyo nikuambie mapema. Babu akifa, watoto hupelekwa kwa jirani, wanarudi wanakuta kitanda kimetolewa na nyumba imejaa viatu vya watu. Wakiuliza, wanaambiwa babu kalala. Mtoto huyo usiku hatalala, na wewe utashangaa kwa nini. Wengine wanaambiwa babu kasafiri. Basi baba akipanda boti kwenda Pemba kuangalia karafuu zake, mtoto anashika kanzu yake gatini analia kama msiba. Na lililo baya kuliko yote, linalosemwa kwa nia njema: Mungu alimpenda zaidi, kamchukua. Mtoto anapima: kumbe Mungu akikupenda anakuchukua. Afadhali asinipende.

Sema amekufa. Sema mwili wake haupumui tena, hausikii baridi wala njaa, kwa hiyo tumeuosha, tumeuvika sanda, tumeuzika kwa heshima. Roho yake imerudi kwa aliyeiumba, nasi tunamwombea. Kama mtoto ni mkubwa kidogo na anataka kwenda makaburini na baba yake, ashikwe mkono aende, atie udongo kwa kiganja chake. Kama hataki, asilazimishwe. Na umwache alie. Hizo “mwanamume halii” na “usilie, utamtesa maiti” mwachie asemaye.

Ukitaka mfano wa namna ya kumfariji mtoto, upo katika hadithi sahihi. Anas bin Malik alikuwa na ndugu yake mdogo akiitwa Abu Umair, ambaye alikuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa. Mtume alipokuja nyumbani kwao akamkuta mtoto ana huzuni, na kitu alichofanya ni kumuuliza juu ya kindege chake, kwa maneno ya vina yanayolingana na jina la mtoto, kama wimbo mdogo. Hakuanza na kadari. Hakumwambia ni ndege tu. Mtu aliyekuwa na umma mzima wa kuuongoza alikaa akauliza habari za ndege wa mtoto. Mimi nikiisoma hadithi hiyo huona inatosha kwa mzazi aliyekosa la kusema.

Sala nayo usiifanye vita. Mafundisho yanasema aamrishwe akifika miaka saba. Wewe unamwamsha kwa makofi wa miaka minne. Wa miaka minne mwache asimame kando yako, arukuu mwanzo, asujudu mwisho, akupande mgongoni. Mtume mwenyewe alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa juu ya mgongo wake na hakutaka kumharakisha. Na wazee wenzangu mnaowafukuza watoto safu za nyuma kwa kelele kubwa kuliko zao, hadithi hiyo mnaijua, nawakumbusha tu. Saumu ni hivyo hivyo: akifunga mpaka adhuhuri msifu, na ukimwona amejificha nyuma ya mtungi anakunywa maji, pita kama hukuona. Ikifika Idi mpe nguo, mpe mkono wa Idi, mpeleke Mnazi Mmoja apande pembea. Dini ina furaha zake, na mtoto ana haki ya kuzijua kabla ya makatazo.

Kisha atakuuliza juu ya wengine. Mji wetu una adhana na una kengele, za kanisa la Mkunazini na za kanisa la Minara Miwili, na mtoto ana masikio. Atauliza, “Wale wanaokwenda kanisani wataingia motoni?” Najua wapo watakaotaka umjibu kwa haraka. Mimi hujibu kuwa hukumu si ya bibi, ni ya Mungu, na kuwa yule mama wa nyumba ya pili aliyetuletea maji bomba lilipokauka, tunamsalimia asubuhi na tunampelekea futari. Mweleze dini yake vizuri, aipende kwa uzuri wake. Anayefundishwa dini yake kwa kuicheka ya jirani amefundishwa kucheka tu.

Mwisho kuna hili la chuo, maana najua unataka kumpeleka ili upumue. Mpeleke. Lakini usidhani umekabidhi mzigo. Mwana Kupona binti Msham, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa nasaha, na amri ya kwanza aliyompa ni dini, ndipo adabu ikafuata. Walimu na masheikh wa siku zile katika Siyu na Lamu hawakukosekana. Angeweza kusema mwalimu wake atamfunza. Aliona ni lake, akaagiza wino na karatasi.

Kwa hiyo ukishachagua chuo, usimwandikishe kwanza. Nenda naye ukakae barazani nje, saa nzima, usikilize. Utawasikia watoto wakiimba herufi, huyo anavuta hivi, huyo vile, na utamsikia mwalimu. Sikiliza anamtajaje Mungu mtoto anapokosea. Sikiliza kama kuna anayethubutu kuuliza kitu, na anajibiwaje. Ukisikia bakora mara nyingi kuliko sauti za watoto, mchukue mwanao urudi naye, tafuta pengine, hata kama huyo mwalimu ni jamaa yenu na watu watasema. Ukisikia wanacheka, na mwalimu anacheka nao, kisha wanarudi kwenye aya, mwandikishe hapo hapo. Na ada uilipe tarehe yake, mwanangu, usimwambie mwalimu inshallah.